Nimefanya kila kazi ofisini, sasa naulizwa mimi ni mtu wa nini

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mkazi wa Mwanza na mama wa watoto watatu. Mwaka 2006, nikiwa nimetoka Tabora na cheti cha uhazili, niliajiriwa kuwa karani wa mapokezi katika kampuni moja ya kuuza vifaa vya ujenzi hapa jijini. Tulikuwa wachache, kwa hiyo kila palipopungua mtu niliitwa mimi. Aliyekuwa stoo alipoacha kazi nilikabidhiwa funguo kwa muda, na muda huo ukageuka kuwa miaka. Mhasibu alinifundisha kuandaa mishahara, kisha alipohama nikabaki nayo. Nikawa nawasilisha kodi ya mishahara kabla ya tarehe 7 na ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, nafuatilia michango ya NSSF, natafuta vibarua wa kupakua mizigo, nakaa na wakaguzi wanapokuja, na nazungumza na wakala wetu wa forodha aliyeko Dar es Salaam mzigo unapokwama. Niliwahi hata kuinasua shehena ya marumaru za sakafuni iliyozuiliwa bandarini kwa sababu uzito kwenye hati ya shehena haukulingana na ule wa kwenye ankara, lakini hayo ni mambo madogo. Wenzangu waliniita Kiraka, nami nilijivunia jina hilo.

Kisha kampuni iliuzwa. Wamiliki wapya walikuja na mhasibu wao, ofisa utumishi wao na mtu wao wa ugavi, wakanirudisha mapokezi kwa mshahara uleule. Hawakunitukana wala kunidhulumu. Ila nilikaa pale nikiona kila jambo nililokuwa nalishughulikia likipita mbele yangu kwenda meza nyingine, hadi nikaona nitaugua, nikaandika barua ya kujiuzulu.

Tangu hapo nimeomba kazi sehemu nyingi. Katika usaili mmoja mwenyekiti wa jopo aliutazama wasifu wangu akaniuliza kwa upole, "Mama, umefanya mambo mengi, lakini wewe ni mtu wa nini hasa? Mhasibu? Stoo? Utumishi?" Nilibaki nimenyamaza. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba miaka yote ile nilikuwa najidanganya, kwamba nilijua kidogo cha kila kitu na kitu kizima sikuwa nacho hata kimoja. Mjomba wangu akanipigilia msumari kwa methali: mshika mawili, moja humponyoka. Kaka yangu anataka nirudi chuoni nikachukue shahada ya biashara. Nafasi za serikali nazo zinanikimbia, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45.

Mkuu wa shule moja ya binafsi, ambaye alikuwa mteja wetu, ameniomba nimpangie ofisi yake kwa miezi mitatu: ada, stoo ya chakula, mikataba ya walimu na makato yao. Malipo ni pungufu ya mshahara wangu wa zamani. Naogopa kwamba nikikubali nitakuwa nimerudi kulekule kwenye kuziba nafasi za watu. Je, nifute nusu ya wasifu wangu nichague fani moja? Niende chuo? Nikubali shule? Na jirani ananiambia nidai fao la kukosa ajira. Je, nina haki nalo?

Ni mimi, Kiraka, Nyakato, Mwanza.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kipindi kigumu.

Barua yako ina sentensi moja uliyoipitisha haraka ukaifunga kwa kusema kwamba hayo ni mambo madogo. Naomba turudi hapo kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu naona sehemu kubwa ya jibu lako imelala pale.

Hukueleza uliinasuaje ile shehena ya marumaru, lakini mtu aliyewahi kukaa karibu na kazi ya uagizaji anaweza kukisia kilichotokea. Hati ya shehena kwa kawaida hubeba uzito wa jumla, yaani bidhaa pamoja na maboksi yake na chaga za mbao zinazoyabeba, ilhali ankara ya muuzaji mara nyingine huandika uzito wa bidhaa peke yake. Ofisa wa forodha akikuta tarakimu mbili zisizolingana ana haki ya kuuliza, na wakati anauliza, tozo za kontena na za uhifadhi zinaendelea kuhesabika. Wakala wenu alikuwa na karatasi zote mbili mkononi, lakini hajawahi kupokea marumaru stoo. Anayelipa huijua ankara, naye huwa hana sababu ya kuisoma hati ya shehena. Vibarua waliopakua walizijua chaga kwa mabega yao, na hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha karatasi yoyote. Katika kampuni nzima ni wewe peke yako uliyekuwa umepita sehemu zote tatu, ndiyo maana ufumbuzi ulitoka kwako. Kampuni huumia zaidi katika viungo vinavyounganisha meza moja na nyingine kuliko ndani ya meza zenyewe, na wewe ulikuwa mtu wa viungo hivyo tangu siku ulipokabidhiwa funguo za stoo. Ile uliyoiita mambo madogo ndiyo kazi yako, na ni kazi nzima.

Kuna ushahidi mwingine usiouona kwa sababu uliuishi polepole. Uliingia kazini 2006. Mashine za EFD zilianza kutumika 2010, na kila mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT akalazimika kujifunza upya namna ya kutoa risiti. Forodha ilihamia kwenye mfumo wa kompyuta wa TANCIS 2014. Mwaka 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango ya waajiri, na Julai ya mwaka huohuo sheria mpya ya VAT iliyopitishwa 2014 ikaanza kutumika. Kila mabadiliko hayo yalipofika, kulikuwa na mtu katika kampuni yenu aliyekaa na karatasi za maelekezo, akauliza alikopaswa kuuliza, akajaza fomu, akazirekebisha zilipokataliwa, mpaka milango ikabaki wazi na wafanyakazi wakalipwa. Mambo uliyoyataja, ya mishahara, ritani, wakaguzi na mizigo, ndiyo hasa yaliyoguswa na mabadiliko hayo. Cheti cha uhazili hakikukufundisha hata moja. Anayejifunza hivyo kwa miaka yote hiyo, bila kupelekwa kozi na bila kuacha kazi nyingine zisimame, ana uwezo ambao waajiri wanautafuta sana, ingawa hawajui waupe jina gani kwenye tangazo.

Sasa nije kwa mwenyekiti wa jopo, ambaye kwa maoni yangu alikuuliza swali la haki. Hakukudharau. Anayeajiri anataka kujua ni tatizo gani akukabidhi Jumatatu asubuhi, na orodha ya majukumu kumi na tano haimwambii hilo. Kwa hiyo usifute nusu ya wasifu wako, bali uuandike upya kutoka upande wa mwenye tatizo. Badala ya kuandika kwamba ulisimamia stoo, eleza hesabu ya mwisho wa mwaka ilivyokuwa ikitofautiana na vitabu kabla hujapewa funguo, na ilivyokuwa ulipozirudisha. Badala ya kuandika kwamba ulishughulikia mishahara, eleza ilikuwa mishahara ya watu wangapi na kama kampuni iliwahi kutozwa faini ya kuchelewesha kodi katika miaka yako. Tafuta daftari, ukae nalo jioni chache, na kwa kila jambo unalolikumbuka andika kilichoharibika, ulichofanya, na kilichookolewa. Huenda mengine ukayakumbuka vibaya. Mpigie simu mhasibu yule wa zamani, naamini atafurahi kukusaidia. Wako wanaoniandikia wakiomba niwarudishie kujiamini kwa maneno matamu, nami huwaambia kwamba maneno yangu yatawashikilia mpaka usaili unaofuata tu, wakati daftari la namna hiyo litakaa nao.

Ukishalijaza, utaona mambo yako yanajipanga yenyewe katika mafungu machache, na hapo ndipo jibu la swali la jopo litakapopatikana. Mimi kwa kuisoma barua yako ningejibu hivi: "Mimi ni msimamizi wa shughuli za ofisi. Ninaendesha mishahara na makato yake, stoo, na mawasiliano na TRA, NSSF na forodha, kwa kampuni ambayo haijafikia ukubwa wa kuajiri mtu mmoja kwa kila kazi hiyo." Jibu hilo halina majivuno wala uongo, na linamwambia msikilizaji mahali pa kukuweka. Matangazo unayopaswa kuyasoma ni ya ofisa utawala, meneja wa ofisi, na msimamizi wa shughuli. Ya mhasibu na ya ofisa ugavi yaache yapite, na nitakueleza kwa nini.

Fani hizo mbili zina bodi zake na masharti yake. NBAA inasajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na sheria inataka wanaofanya kazi ya kitaaluma ya ununuzi na ugavi wasajiliwe na PSPTB. Uzoefu wako, hata uwe mkubwa namna gani, haukupi haki ya kujiita kwa majina hayo, na ukijiita utaumbuka kwenye swali la pili. Nafikiri sehemu ya aibu uliyoisikia siku ile ilitokana na kusimama kwenye usaili wa nafasi isiyokuwa yako, ukajipima kwa kipimo cha mtu mwingine, ukahitimisha kwamba huna uzito.

Mjomba wako ana haki ya kutumia methali, lakini ile inamwonya mtu anayekimbilia mambo mawili kwa tamaa, na wewe hukuyakimbilia. Yaliachwa mezani ukayaokota. Mfano ulio karibu na maisha yako ni ule wa uwanjani, ambako wenzako walilitoa hilo jina la kiraka, mchezaji anayepangwa nafasi yoyote. Erasto Nyoni alicheza Azam, Simba na Taifa Stars kwa miaka mingi, leo beki wa pembeni, kesho beki wa kati, keshokutwa kiungo, na makocha tofauti waliendelea kumpanga. Sijawahi kusikia kocha akisema hajui Nyoni ni mchezaji wa nini.

Suala linalobaki ni wapi uende, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu naona umekuwa ukipeleka barua kwenye milango mikubwa. Kampuni yenye watu mia tatu ina idara, na idara inataka mtu wa idara. Hilo umelishuhudia kwa macho yako: wamiliki wapya walipoleta watu watatu kufanya uliyokuwa ukiyafanya peke yako, kampuni ilikuwa inahama kutoka ukubwa mmoja kwenda mwingine, na katika ukubwa ule mpya nafasi yako haikuwapo. Iliuma, nami siwezi kukuambia kwamba haikupaswa kuuma. Mtu aliyelea kitu tangu kikiwa kidogo ana haki ya kuhuzunika kikichukuliwa. Lakini haikuwa hukumu juu yako. Hapo Mwanza na mikoa jirani zimejaa taasisi ambazo ziko pale kampuni yenu ilipokuwa 2010: shule za binafsi, zahanati na vituo vya afya vya mashirika ya dini, hoteli ndogo, SACCOS, vyama vya ushirika vya mazao, wasafirishaji wenye magari machache. Mwenye taasisi ya namna hiyo hulala akiwaza tarehe 7 na tarehe 20, kwa sababu anajua kufundisha, au kutibu, au kuendesha magari, lakini makato hayajui.

Uangalie pia upande wa Geita. Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za kampuni za Kitanzania, na tangu hapo kampuni ndogo nyingi zinatafuta zabuni za chakula, usafi, usafiri, sare, vipuri na ujenzi. Kampuni hizo mara nyingi hazishindwi kwa bei. Hushindwa kwenye makabrasha: hati ya uthibitisho wa kodi imekwisha muda, taarifa za usajili wa kampuni kule BRELA hazijahuishwa, michango ya NSSF ina mapengo ya miezi miwili, Mfuko wa Fidia haujalipwa, leseni ya biashara ina anwani ya zamani. Mtu mmoja anayeweza kukaa na faili hilo, akajua kila karatasi inatoka ofisi gani na inategemea karatasi gani iliyotangulia, anaweza kuokoa zabuni nzima. Ningekuwa wewe ningeandika barua kwa wamiliki wa kampuni kama hizo bila kungoja tangazo, barua ya ukurasa mmoja, na ndani yake ningesimulia ile shehena ya marumaru kwa sentensi tano. Kwa kuwa ulikuwa ukiuza vifaa vya ujenzi, bila shaka unawajua makandarasi na wazabuni wengi kwa majina na kwa tabia zao za kulipa. Anza na hao.

Kuhusu shahada, mjibu kaka yako kwa heshima kwamba si sasa. Miaka mitatu ya karo, kwa mtu mwenye watoto watatu na asiye na mshahara, ni gharama kubwa kwa kitu ambacho waajiri niliowataja hawatakiulizia kwanza. Lakini sikushauri ubaki bila kitu chochote chenye muhuri. Mtu mwenye uzoefu mpana huaminika haraka zaidi akiwa na sehemu moja iliyothibitishwa na chombo kingine. Una njia mbili za karibu. Moja ni mitihani ya ngazi za awali za NBAA, ile ya ufundi wa uhasibu, ambayo unaweza kujiandaa nayo huku ukifanya kazi. Nyingine ni mafunzo ya cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, yanayoendeshwa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato na vyama vya mawakala, ambayo hapa nchini yanatolewa kupitia Chuo cha Kodi. Mimi naielemea ya kwanza, kwa sababu mishahara na kodi vipo katika kila taasisi, wakati forodha ni ya waagizaji tu. Hata hivyo, kama moyo wako ulichangamka zaidi ulipokuwa ukiandika juu ya shehena kuliko juu ya mishahara, usiniamini mimi, uamini moyo.

Fao la kukosa ajira nalijibu kwa ufupi: limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi bila kupenda, na aliyejiuzulu kwa hiari yake hahesabiwi humo, kwa hiyo usiliweke kwenye bajeti ya nyumbani. Kuna haki nyingine unayoweza kuidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Kama hukupewa, andika barua uiombe. Katika barua hiyohiyo omba, kwa lugha ya upole, maelezo ya majukumu uliyowahi kuyafanya, maana hati yenyewe inaweza kukutaja kama karani wa mapokezi tu na miaka yako yote ikazikwa chini ya cheo hicho. Ikiwezekana mwombe pia mmiliki wa zamani, aliyekukabidhi hizo kazi, akuandikie barua yake binafsi ya utambulisho. Usichelewe; kampuni ikishabadili mikono, wanaokumbuka ulifanya nini hupungua kila mwaka.

Nimalizie na shule. Ikubali. Yule mkuu wa shule alikuwa mteja wenu, alikuona ukifanya kazi, na kati ya watu wote aliowafahamu alikuja kwako akiwa na tatizo lenye viungo vinne ndani yake. Hofu yako ya kurudi kwenye kuziba nafasi ina msingi, lakini tofauti kati ya kuziba nafasi na kushika kazi iko kwenye masharti, na safari hii masharti unaweza kuyaandika wewe. Omba mkataba wa maandishi wa miezi mitatu. Utaje mambo utakayoyakamilisha: orodha ya ada inayolingana na taarifa ya benki, daftari la stoo ya chakula lenye mapokezi na matumizi, mafaili ya walimu yenye mikataba iliyosainiwa na makato yaliyowasilishwa. Cheo kiandikwe msimamizi wa shughuli za ofisi, siyo msaidizi. Malipo pungufu uyakubali kwa miezi hiyo tu, na mkataba useme kwamba katika wiki ya kumi mtakaa kuzungumza juu ya nafasi ya kudumu na mshahara wake, ili asije akakuongezea majukumu kimyakimya kama ilivyokuwa kwa zile funguo za stoo. Ombi lolote litakaloangukia nje ya mambo hayo, lipokee kwa adabu na umuulize ni lipi kati ya yaliyoandikwa lisubiri. Na usiache kupeleka barua zako Geita wakati unaendelea na kazi hiyo.